Mnyama wa Sayari Nyingine Anakula Nini?

Kama umewahi kupita karibu na darasa letu Jumamosi alasiri, baada ya kufua na kabla ya kengele ya chajio, bila shaka umetuona. Huwa tumekaa watano, tumeunganisha meza mbili, tuna penseli, karatasi zilizojaa namba, na dadu mbili tulizozitoa kwenye ludo. Mmoja anasimulia, wengine wanauliza, halafu dadu zinarushwa na watu wanapiga kelele. Wako wanaotuita wacheza kamari. Siku moja mwalimu wa zamu alikuja kutunasa. Alitafuta pesa chini ya karatasi asione hata ndururu, akabaki amesimama akisikiliza mpaka akasahau kilichomleta.

Mchezo wenyewe si mgumu. Kila mchezaji ana mhusika wake: rubani, daktari, fundi wa mitambo, hata mfanyabiashara mlaghai. Mmoja wetu huwa mwamuzi, na mwaka huu mwamuzi ni mimi. Mwamuzi huwaeleza wenzake wanachokiona na wanachokisikia, nao husema watafanya nini, na palipo na shaka dadu huamua. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa madukani ulikuwa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Huo ni wa mapanga na majoka. Sisi tunacheza Traveller, uliotungwa na Marc Miller mwaka 1977, ambao ni wa vyombo vya angani na sayari za mbali. Tuliupendea sababu moja ya kimaskini: hautaki dadu za ajabu zenye pande ishirini. Dadu za ludo zatosha.

Sasa nieleze aibu yangu, maana makala haya yametokana nayo.

Muhula wa kwanza niliwatungia wenzangu mnyama niliyemwita Zimwi-Chuma. Lilikuwa buibui refu kama tangi la maji la shule, lenye ngozi ya chuma, linalotema moto, lisilokufa kwa risasi. Wasafiri walipotua tu, likatokea. Rafiki yangu mmoja, ambaye simtaji jina kwa sababu dawati letu ni moja, alikuwa na mhusika aliyemlea tangu kidato cha kwanza: nahodha mwanamke aliyeanza hana hata viatu, akaishia kumiliki chombo chake mwenyewe. Karatasi ya nahodha huyo ilikuwa imefutwa na kuandikwa tena mpaka ikatoboka, naye akaibandika kwa gundi. Zimwi likamla dakika ya tano.

Rafiki yangu hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Ngoja kwanza. Kabla sisi hatujafika hapa, zimwi hili lilikuwa likila nini?"

Nikasema linakula watu.

"Watu gani? Si umesema sayari haina mtu?"

Nikasema basi, linakula mawe.

"Na hayo meno ni ya nini? Na moto linautoa wapi?"

Nikakasirika, nikamwambia mwamuzi ni mimi. Akaikunja karatasi yake, akaitia katika kopo la biskuti, akaondoka. Wengine nao wakamfuata mmoja mmoja. Majuma matatu hatukucheza, na pale dawatini tulikuwa tukipeana kifutio bila kusema neno.

Nimelifikiria sana jambo hilo. Kifo hakikumuudhi. Wahusika hufa, na wengine hufa vizuri hata tukawasimulia mwaka mzima. Kilichomuudhi ni kwamba hakuna akili yoyote ambayo ingemwokoa nahodha wake. Mchezaji hushinda kwa kuwaza: mnyama huyu ana macho makubwa, basi huenda huwinda usiku, huyu ana kwato, basi hapandi miti. Mnyama asiye na sababu hawaziki. Ukimleta mezani ni sawa na kuwaambia wenzako wafunge vitabu, mtihani utasahihishwa kwa kura.

Basi nikajikokota kwa mwalimu wa Bayolojia. Nilidhani atanicheka. Alicheka kweli, lakini kisha akanipa chaki na kuniambia nimchoree zimwi langu ubaoni na kuandika vipimo. Nikaandika: miguu mita 9. Akaniuliza buibui wa kawaida ana mguu wa urefu gani. Nikasema tuseme sentimita 3. Basi nimemkuza mara 300. Akaniambia nipige hesabu.

Hesabu hiyo kila mwanafunzi aweza kuifanya. Ukimkuza mnyama mara 300 kwa urefu, mapana na kimo, unene wa mguu wake ukiukata kama gogo huongezeka mara 300 kwa 300, yaani 90,000. Lakini uzito wake huongezeka mara 300 kwa 300 kwa 300, ambazo ni 27,000,000. Kwa hivyo kila kipande kidogo cha mguu sasa kinabeba mzigo mara 300 kuliko zamani. Zimwi langu lingevunjika miguu kabla ya kupiga hatua ya kwanza. Galileo alilieleza jambo hili katika kitabu alichokichapisha mwaka 1638, na hata akachora mfupa wa mnyama mkubwa kuonyesha jinsi unavyolazimika kuwa mnene kupita kiasi. Tazama digidigi na vijiti vyake vya miguu, kisha mtazame ndovu. Miguu ya ndovu haikuwa minguzo kwa ajili ya urembo.

Nikajitetea kuwa sayari yangu ina mvutano mdogo. Mwalimu akakubali, akasema kwenye Mirihi, kwa mfano, kitu huwa na uzito wa asilimia 38 tu ya uzito wake hapa duniani. Lakini asilimia 38 ya balaa ni balaa bado. Tena kuna pumzi. Wadudu hawana mapafu kama yetu. Hewa huwaingia kupitia vitundu vya ubavuni na kupita katika mirija myembamba hadi ndani. Kwa mwili mdogo njia hiyo yatosha, kwa mwili mkubwa hewa haifiki. Karibu miaka milioni 300 iliyopita aliishi mdudu aliyefanana na kerengende, aitwaye Meganeura, ambaye mabawa yake yalitanda kiasi cha sentimita 70. Wataalamu wengi huhusisha ukubwa ule na hewa ya zama zile, iliyokuwa na oksijeni nyingi kuliko asilimia 21 tuliyo nayo leo. Kwa hivyo ukitaka mdudu mkubwa, anza kwa kubadilisha hewa, na ukishaibadilisha kumbuka kwamba moto nao utawaka kwa kasi huko, na wasafiri wako wana bunduki.

Hapo ndipo nilipoanza kuuona utamu wake. Jambo moja linavuta jingine kama nyavu.

Turudi kwenye swali la rafiki yangu, maana ndilo kubwa kuliko yote. Chakula. Tumefunzwa sote kuhusu piramidi ya chakula: nyasi zinakula jua, nyumbu anakula nyasi, simba anakula nyumbu, na kila hatua sehemu kubwa ya nguvu inapotea kwa kuhema, kukimbia na joto la mwili. Inayofika hatua ya pili ni yapata sehemu moja katika kumi, pengine pungufu. Ndiyo sababu katika nyika za Mara na Serengeti kuna nyumbu zaidi ya milioni moja, lakini simba ni elfu chache tu. Mimi nilikuwa nimeweka Zimwi-Chuma katika kila bonde na sijaweka hata panya wa kuliwa. Tangu siku hiyo simtungi mnyama mkali kabla ya kutunga mlo wake, na mlo wa mlo wake, hadi nifike kwenye jua.

Niliporudi kukisoma kitabu cha Traveller kwa makini, nikaona Marc Miller alikuwa amelijua hilo mapema. Humo wanyama hawapangwi kwa kufanana na paka au nyoka. Hupangwa kwa jinsi wanavyopata riziki: walishaji, wakusanyaji, wakimbizaji, warukiaji, watega mitego, wala mizoga, na hata wapokonyaji, ambao hungoja mwingine awinde kisha wakamnyang'anya. Fisi ndiye anayesingiziwa kazi hiyo hapa kwetu, lakini simba naye humpora fisi mara nyingi tu. Kila kundi lina kanuni yake. Mrukiaji, kwa mfano, hushambulia akikuotea. Ukimwotea wewe kwanza, hukimbia. Kanuni fupi, lakini mnyama mzima umo ndani yake.

Kuna mwenzetu aliyelalamika kuwa sayansi itatuharibia mchezo, wanyama wote watakuwa ng'ombe. La hasha! Mwenzetu huyo hajafika Magadi. Katika ziwa lile kuna samaki wadogo wa jamii ya ngege wanaoishi katika maji ambayo pH yake ni yapata 10, na mahali pengine joto lake hupita nyuzi 40. Samaki wengi hutoa uchafu wa mwili kama amonia, lakini katika maji ya magadi njia hiyo haifai, kwa hivyo huyu hutoa urea, kama sisi. Au mchukue panya-fuko asiye na manyoya, ambaye yuko hapa Kenya, Ethiopia na Somalia. Wanaishi chini ya ardhi kama nyuki: malkia mmoja anazaa, wengine wanachimba na kulinda. Jennifer Jarvis alipoyaandika hayo mwaka 1981 wataalamu walistaajabu, kwa kuwa mnyama wa kunyonyesha hakutazamiwa kuishi hivyo. Panya huyu huweza kuishi zaidi ya miaka 30, na mwaka 2017 watafiti walitangaza kuwa anavumilia dakika 18 bila oksijeni kabisa. Ningemleta huyo mezani siku ile, wangeniambia nimezidisha chumvi. Naye pweza wetu wa pwani ana mioyo mitatu na damu ya buluu, na sehemu kubwa ya neva zake iko mikononi, si kichwani. Hakuna haja ya kutema moto.

Chini baharini ni zaidi. Mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, wanasayansi walikuta chemchemi za maji ya moto katika giza totoro, na kando yake minyoo mirefu isiyo na mdomo wala utumbo. Inalishwa na bakteria waliomo mwilini mwake, nao hujipatia nguvu kutokana na kemikali za chemchemi. Kwa hiyo hata nilivyosema juu, kwamba lazima ufike kwenye jua, nakusahihishia hapa hapa: lazima ufike kwenye chanzo cha nguvu, kiwe jua au kingine.

Jambo jingine ambalo watungaji wengi hulisahau ni ukoo. Mnyama hashuki kutoka mbinguni peke yake. Ana mababu na ana binamu. Twiga ana pingili saba za shingo, na wewe msomaji una saba vilevile, kwa sababu ukoo wetu ni mmoja huko nyuma. Kwa hivyo ukimpa mnyama mmoja wa nchi kavu miguu sita, jirani zake nao wawe na dalili ya miguu sita, hata kama miwili imegeuka mabawa au makucha. Katika filamu ya Avatar ya mwaka 2009, wanyama wengi wakubwa wa Pandora wana viungo sita, lakini wenyeji wake, Wanavi, wana mikono miwili na miguu miwili tu kama sisi. Najua sababu: mtazamaji awapende. Lakini mimi nilipoitazama nilikaa nikihesabu miguu badala ya kulia.

Baada ya hayo yote nikaanza upya, na safari hii sikuanza na mnyama. Nilianza na jua. Mwaka 2017 ilitangazwa kuwa nyota iitwayo TRAPPIST-1, iliyo umbali wa kama miaka 40 ya mwendo wa nuru, ina sayari saba. Nyota yenyewe ni ndogo na nyekundu, na sayari zimeikaribia mno, hata inadhaniwa kila moja huielekezea uso mmoja daima, kama mwezi unavyotuelekezea sisi uso mmoja. Upande mmoja ni mchana wa milele, wa pili usiku wa milele. Nyota za aina hii pia hulipuka mara kwa mara na kumwaga mionzi mikali kwa muda, kisha hutulia.

Nikatunga sayari ya namna hiyo, na wasafiri nikawatua kwenye mpaka wa mchana na usiku, mahali ambapo jua limekaa juu kidogo ya upeo na halisogei. Sasa fikiri. Jua lisiposogea, kivuli nacho hakisogei. Kila mwamba una kivuli kirefu kilicholala pale pale tangu mwamba ulipokuwapo. Mimea, ambayo nimeifanya utando mweusi ili inase nuru hafifu kadiri iwezavyo, imeota upande wa jua tu. Anayeila ni mnyama mwenye miguu sita na ulimi kama msasa, niliyemwita kirambamwamba. Maisha yake yote yako kwenye nuru, ila jua linapolipuka. Hapo hana budi kukimbilia kivulini.

Na kivulini kuna anayemngoja. Huyo nikamwita mkaakivuli. Mlo humjia kwa nadra, siku ya mlipuko tu, kwa hiyo hawezi kuwa na damu moto kama simba, maana simba hafungi miezi. Nikamfanya kama mamba wa Mto Mara, ambaye hushiba nyumbu wakivuka kisha hukaa muda mrefu bila kula kitu cha maana. Mwili wake ni baridi na mzito. Macho yake yote mawili yako upande wa jua, kama yale ya samaki bapa wanaolala mchangani, kwa kuwa chochote chenye faida kitatokea upande huo, tena kikiwa cheusi mbele ya nuru. Hahitaji kuona rangi. Ana viungo sita kama kirambamwamba, ila miwili ya mbele imekuwa kulabu. Huruka mara moja. Akikosa amechoka kabisa, na mtoto anaweza kumkimbia. Jambo hilo la mwisho nililiweka makusudi, ili mwenye akili apate pa kupenyea.

Hapa mwalimu wetu wa Kiswahili aliingilia kati. Aliniuliza kama nitasema "kirambamwamba kimekimbia" au "amekimbia". Nikajibu "amekimbia", kama kiboko na kifaru, ambao wana sura ya KI-VI lakini upatanisho wao ni wa A-WA kwa kuwa wana uhai. Akaniuliza tena: na ule utando, kama siku moja wasafiri watagundua kuwa unahisi na unawasiliana? Utaendelea kusema "umekauka", au utasema "amekufa"? Nimekaa na swali hilo mpaka leo. Wanachama, leteni majibu Alhamisi.

Sasa ilibaki kazi ngumu kuliko zote, yaani kumrudisha rafiki yangu. Nilimpelekea daftari lenye jua, utando na kirambamwamba, nikaificha kurasa ya mkaakivuli. Akasoma prepu nzima hasemi kitu. Mwishoni akafungua kopo lake la biskuti, akatoa karatasi mpya. Mhusika wake sasa ni mdogo wa yule nahodha marehemu, amekuja kumtafuta dadake.

Jumamosi ile tukakaa watano tena. Wasafiri wakatembea kati ya miamba wakiwaangalia virambamwamba wakilamba. Kisha nikawaambia wanyama wote wameinua vichwa kwa pamoja, na jua linaanza kuwa jeupe. Daktari akasema, "Kivulini! Kimbieni!" Kulikuwa na vivuli viwili karibu. Wote wakachagua kile kikubwa. Dadu nilikuwa nimeshaziokota.

"Ngoja," akasema rafiki yangu. "Chini kuna vumbi?"

Nikasema lipo.

"Nyayo je?"

Nikamjibu kwamba kwenye kivuli kidogo kuna nyayo zinazoingia na nyayo zinazotoka. Kwenye kile kikubwa kuna nyayo nyingi zinazoingia.

Akanyamaza kidogo, akawatazama wenzake. Sote tulisimuliwa utotoni hadithi ya simba mzee aliyejitia mgonjwa pangoni, na mgeni aliyebaki mlangoni akizihesabu nyayo. Wakabanana wanne kwenye kivuli kidogo pamoja na virambamwamba watatu waliokuwa wakitetemeka, wakasikiliza kilichokuwa kikitendeka katika kile kikubwa. Sikurusha dadu hata mara moja.

Kengele ya chajio ililia, tukaanza kukusanya karatasi. Rafiki yangu alikuwa bado amekaa, penseli mdomoni.

"Huyo mkaakivuli," akaniuliza, "ikiwa hatoki kivulini maisha yake yote, mke anampata wapi?"

Nikalifungua daftari upya. Ugali siku hiyo tuliukuta umepoa.